Hatua Thelathini za Vudee

Jumamosi, 12 Julai. Ukungu mzito tangu alfajiri, manyunyu mepesi mpaka saa mbili, baridi ya kuvaa sweta mbili. Ukisimama mlangoni unauona mgomba wa kwanza tu, wa pili unaukisia.

Nimeamkia Vudee kwa wazazi wangu, si kwenye chumba changu cha Same mjini. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimeshakaa kitandani na daftari mapajani, nikipitia vipimo vyangu kama mtu wa mtihani. Leo ilikuwa siku ya shindano la shabaha.

Nianze na kosa langu, ili lisinisumbue mpaka mwisho wa ukurasa. Kwenye fomu ya washiriki nilijaza jina langu, na mstari wa chini yake nikajaza jina la Baba. Sikumwomba ruhusa. Nilituma fomu wiki mbili zilizopita na mpaka leo asubuhi nilikuwa sijamwambia.

Sasa niandike kwa mpangilio.

Kila Julai, familia chache za Same na za huku milimani zinazomiliki bunduki za upepo hukutana shambani kwa Mzee Sefania, chini ya mji, kwenye uwanda. Ni bunduki za springi. Unavunja mtutu kwa nguvu ya mkono, springi inajikunja ndani, unaweka risasi ndogo yenye kiuno kama nyigu, unarudisha mtutu, unalenga kadi. Hakuna baruti wala moshi. Watu hushindana kwa jozi za wawili, alama zao zikijumlishwa, risasi tano kila mmoja, kadi ikiwa mita ishirini na tano na nyuma yake kingo ndefu ya udongo.

Baba alifundisha hisabati sekondari mpaka alipostaafu, na kwenye shindano hili jina lake lilikuwa kubwa. Mwaka jana alipiga tano, tatu zikakosa kadi kabisa. Watu walicheka, si kwa ubaya. Mzee Sefania, ambaye ni rika lake na mtani wake wa siku zote, alimuuliza kama alikuwa anawinda ndege waliokaa nyuma ya kadi. Baba alicheka pamoja nao, akafuta kitako cha bunduki kwa leso, akasema, "Springi imekufa."

Tangu siku hiyo bunduki ilikaa sandukuni chini ya kufuli, imeviringishwa kitenge cha Mama. Leseni yake inaisha mwisho wa mwezi huu. Mwezi wa tano Baba alitangaza kwamba haendi kuihuisha, ataipeleka bunduki polisi aikabidhi yaishe. Alisema huku anamenya ndizi, kama anayezungumzia redio mbovu.

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria. Nilishindwa kuiweka chini.

Mtu wa nje anaweza kusema, bunduki ya kutoboa kadi ina nini? Lakini Baba si mtu wa maneno. Alinifundisha kulenga nikiwa na miaka kumi na minne, na tangu hapo mazungumzo yetu yote marefu yamekuwa juu ya upepo, kilengeo, na pumzi. Juu ya mambo mengine tunaulizana hali na kunyamaza. Bunduki ikienda, tungebaki na shikamoo na marahaba.

Hata hivyo, kama springi imekufa, imekufa. Mimi ni fundi cherehani, sikati kitambaa kwa kukisia. Nilimwomba Baba aniruhusu niipime kabla hajaipeleka. Alikubali, ila leseni ni ya jina lake kwa hiyo lazima awepo. Akawepo kwa namna yake: alikaa barazani, kanigeuzia mgongo, anasikiliza redio.

Nilipima Jumamosi tatu. Shamba letu limeteremka kama mashamba yote ya huku, matuta juu ya matuta. Niliweka meza nyuma ya jiko, nikahesabu hatua thelathini kushuka mpaka tuta la mwisho, nikazichukulia kuwa mita ishirini na tano, nikabandika kadi kwenye boksi lililojaa udongo. Utaratibu wangu ulikuwa huu: risasi tano kwa kila kadi, kuhesabu mpaka ishirini kati ya risasi na risasi, kisha kuandika tarehe, hali ya hewa, na upana wa matundu kutoka la mbali hadi la mbali.

Jumamosi ya kwanza nililaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ili mkono wangu usiwe na neno lolote ndani yake. Matundu yalitawanyika upana wa kisosi. Nikabadilisha risasi, zenye kichwa bapa badala ya zenye kichwa mviringo. Kisosi. Nikajaza mchanga zaidi, nikaikandamiza kwa mkono wa kushoto. Ikawa sahani.

Niliandika: "Huenda Baba yuko sahihi." Nilihisi nafuu, nikaona aibu kwa hiyo nafuu. Maana kama ubovu ni wa bunduki, basi si wa Baba.

Jumamosi ya pili Mama alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama kunitazama. Mama hajawahi kugusa bunduki maishani mwake.

"Mbona unaikaba kama kuku wa kuchinja?" akauliza.

"Ili isiruke, Mama."

"Si itaruka tu? Mimi nikikaza shingo na ndoo hii, nafika nimelowa mpaka miguuni. Iache itembee."

Akaenda zake, maji hayakumwagika hata tone.

Nilikaa nikafikiri. Bunduki ya springi ina tabia yake: ukivuta triga, springi inafyatuka mbele na bunduki yote inarudi nyuma kisha inasukumwa mbele, na hayo yote yanatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Huwezi kuizuia. Unachoweza ni kuiacha iruke kwa namna ileile kila mara. Nikaondoa mfuko wa mchanga. Nikaweka kiwiko mezani, nikafungua kiganja cha kushoto, nikailaza bunduki juu yake bila kuifumbia vidole. Bega nikaligusisha tu.

Risasi tano. Nikashuka kwenye kadi, nikatoa mfukoni sarafu ya shilingi mia, nikaiweka juu ya matundu. Yote matano yalifunikwa.

Jumamosi ya tatu nilirudia. Yakafunikwa tena. Nikageuza skrubu ya kilengeo kushusha kidogo, yakaingia katikati ya duara na kukaa humo.

Bunduki nzima. Springi nzima.

Nilipaswa kushangilia, lakini nilibaki nimechutama mbele ya boksi la udongo na sarafu mkononi. Nilikuwa nimepata jibu nililoliogopa. Nilipotazama juu, Baba alikuwa bado amenigeuzia mgongo barazani, anakunywa chai, na kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeshaona hivyo mara nyingi bila kuona. Mikono yake inatetemeka. Daktari alishamwambia kuwa ni umri na si ugonjwa wa kutisha, na tangu hapo nyumbani halizungumzwi. Pale nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Baba anaikaba bunduki ili mikono isionekane inatetemeka. Na kadiri anavyoikaba ndivyo inavyomtupia risasi nje ya kadi.

Maana yake ni kwamba tatizo si mtetemo. Ni kuukaba.

Lakini namwambiaje? Mimi ni mtoto wake. Kuna maneno ambayo yakishatoka kinywani kwa mtoto, baba hawezi tena kujifanya hakuyasikia.

Nikafanya kitu cha woga. Usiku ule niliandika matokeo yote vizuri, mfuko wa mchanga upande mmoja na kiganja wazi upande wa pili, nikaongeza mstari: "Mtutu ukitetemeka, uache utetemeke, usiukaze." Kisha nikaliacha daftari mezani na kumwambia Baba kuwa sina hakika na wastani wangu, kama anaweza kunikagulia hesabu.

Asubuhi nilikuta wastani mmoja umesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa pia na duara jekundu kuzunguka neno "hatua", na alama ya kuuliza pembeni. Nilidhani hajapenda mwandiko wangu. Sikuuliza.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nimebeba leo asubuhi pamoja na sweta mbili.

Saa mbili na nusu Baba alijaribu kujitoa kwenye safari, ingawa bila yeye bunduki haitoki. Alisema leo ni zamu yetu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na mwanaume haachi zamu ya maji. Mama alikuwa anachambua maharage. "Nitafungulia mimi," alisema bila kuinua kichwa. "Maji hayajui nani kayafungulia." Baba akavaa koti.

Tulishuka na pikapu ya jirani iliyokuwa inapeleka ndizi mjini. Baba alikaa mbele na dereva, sanduku la bunduki mapajani. Mimi nyuma na mikungu. Tulipofika nusu ya mteremko ukungu uliisha mara moja, kama mtu kavuta pazia, na chini uwanda wote ulikuwa wa njano, jua kali, vumbi linapanda. Nikavua sweta ya kwanza. Tulipofika barabara kuu nikavua ya pili.

Mzee Sefania alitupokea getini na mikono wazi.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naona mmeileta maiti. Mbona hamkusema mapema niandae turubai la msiba?"

"Turubai lile pale," Baba alimjibu. "Umeshajiandalia mwenyewe."

Niliwaacha wacheke.

Jozi zilikuwa sita. Mzee Sefania alisoma orodha akiwa amesimama juu ya kreti ya soda, kwa sauti ya mnada. Jozi ya nne, akataja jina langu, Nakunda, halafu akaisogeza karatasi karibu na macho, akataja jina la Baba.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Aligeuza shingo polepole, akanitazama. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nimevipima vya kutosha viatu hivyo leo, nawaambia.

"Mwalimu!" Mzee Sefania alipaza sauti. "Kumbe umo? Nilijua umekuja kusindikiza tu."

Nilisubiri akatae. Angeweza, watu wote walikuwa wanasikia, na mimi ningestahili.

"Endelea kusoma," Baba alisema.

Basi.

Zamu yetu ilipofika nilianza mimi. Kiwiko mezani, kiganja wazi, bega kugusa tu. Nilihesabu mpaka ishirini kati ya risasi na risasi. Kila moja niliisikia imekaa vizuri, na mkononi bunduki iliruka namna ileile mara tano. Niliinuka nikiwa na hakika ya alama arobaini na tano au zaidi. Nilishaanza kutabasamu.

Kadi ikaletwa. Matundu matano yamekumbatiana, sarafu ingeyafunika. Lakini yote yalikuwa chini, vidole vitatu chini ya katikati, kwenye maduara ya alama tatu na nne. Jumla kumi na saba.

Kumi na saba! Jumamosi tatu, daftari zima, kalamu mbili, kumi na saba.

Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani nakiandika ingawa ni cha aibu: kwamba springi imekufa kweli, imekufa sasa hivi mikononi mwangu, mbele ya watu wote, na Baba alikuwa anajua tangu mwanzo.

Baba alinyanyuka, akaja, akaichukua kadi. Aliitazama kama anavyotazama kitu chochote kilichoandikwa na mwanafunzi.

"Zimekaa pamoja," alisema.

"Lakini chini, Baba."

"Chini si ugonjwa. Kutawanyika ndiyo ugonjwa. Ulipimia wapi?"

"Shambani. Hatua thelathini."

"Za kupanda au za kushuka?"

"Za kushuka. Kutoka nyuma ya jiko mpaka tuta la mwisho."

Alinitazama juu ya miwani. "Nilikuwekea duara jekundu."

"Nilidhani ni mwandiko."

"Nakunda. Hatua ya kushuka tuta ni ya mtu anayeogopa kuanguka. Hatua ya huku ni ya mtu anayewahi gari. Mita ishirini na tano zako ni kumi na saba, hazizidi kumi na nane. Tena mtutu ukiangalia bondeni unapiga juu kidogo, wewe ukaushusha kwa skrubu. Sasa umeuleta kwenye tambarare, mbali zaidi, ulitegemea nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanafunzi akiona alama ya kuuliza, anauliza."

Hapo ndipo nilipojisikia mjinga wa mwisho. Mimi, ambaye futi ya kupimia nguo hainitoki shingoni, ambaye narudia kiuno cha mteja mara mbili hata akinuna, nilipima uwanja wa shabaha kwa miguu yangu kwenye mteremko wa Vudee. Huku milimani sote tunapima hivyo, toka kwa fulani mpaka kwa fulani hatua kadhaa, na hakuna aliyewahi kupotea. Mpaka ushuke uwandani.

Kanuni za shindano haziruhusu kugusa skrubu ukishaanza kadi ya kwanza ya jozi. Kilichobaki ni kulenga juu. Na aliyebaki ni Baba.

Alivua koti, akalipachika kwenye kiti. Alifuta miwani kwa pindo la shati, kioo kimoja, kisha kingine, akaiinua kwenye mwanga kuhakikisha. Akakaa mezani. Ndipo bendera nyekundu ikapandishwa.

Ng'ombe. Kundi zima lilikuwa linakatisha nyuma ya kingo kwenda kunywa maji, na wakati huo hakuna anayeruhusiwa kushika bunduki. Mchungaji wao, mzee mmoja wa Kimasai mwenye sweta ya kijani juu ya shuka, hakuwa na haraka hata kidogo. Alisimama akatutazama tulivyopanga meza na viti.

"Hamjamaliza tu vita yenu na makaratasi?" akauliza.

"Makaratasi yanashinda," Mzee Sefania akamjibu.

"Basi niazimeni karatasi moja linilindie ng'ombe, maana halikimbii."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameweka bunduki mezani na mikono yake ilikuwa imelala pembeni yake, juu ya meza tupu, mbele ya watu wote, inatetemeka. Hakukuwa na kikombe cha kushika. Nilitaka kwenda kusimama mbele yake nimzibe. Nilijua kinachokuja: bendera ikishuka ataikaba bunduki kwa nguvu zake zote ili mikono itulie, na kila kitu kitakuwa kama mwaka jana, na Jumatatu bunduki itakwenda polisi.

Ng'ombe wa mwisho alipita. Bendera ikashuka.

Baba aliweka kiwiko mezani. Akakigeuza kiganja cha kushoto juu, akakifungua, kama anayepokea mbegu. Akailaza bunduki.

Mtutu ulikuwa unatetemeka. Kila mtu aliuona. Ncha yake ilikuwa inachora vijiduara hewani, na Baba aliuacha uchore. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi. Mlio wa kwanza ukatoka. Akavunja mtutu, akapakia, akalaza tena. Niligundua kuwa midomo yake inasogea.

Alikuwa anahesabu mpaka ishirini.

Sikumwandikia mtu mwingine yeyote utaratibu ule ila yeye.

Kadi yake ilipoletwa, matundu hayakuwa yamekumbatiana kama yangu. Yalikuwa yametapakaa upana wa mdomo wa glasi. Lakini yalikuwa katikati: tisa, nane, nane, saba, saba. Thelathini na tisa. Jozi yetu jumla hamsini na sita, tukawa wa tatu. Ningepima vizuri tungeshinda, hilo nalijua, na limeniuma kidogo kuliko nilivyotarajia.

Mzee Sefania aliitazama ile kadi muda mrefu. "Maiti imefufuka," alisema mwishowe, akampa Baba mkono, akaushikilia, na hakuongeza utani wowote juu yake. Namheshimu kwa hilo.

Kisha Baba akafanya jambo ambalo mpaka sasa nalizungusha kichwani.

Shindano letu lina rufaa. Watani wetu hutusema Wapare kwa kupenda kesi, nasi hatukatai, tumeiweka kwenye kanuni. Kila jozi ina rufaa moja: ukiamini tundu lako limegusa mstari wa duara la alama ya juu, wazee watatu wanachomeka msumari wenye unene wa risasi kwenye tundu na kuamua. Ukishinda unaongezewa alama moja. Ukishindwa, mwaka unaofuata unawapikia washiriki wote makande ya mahindi na maharage, na lazima uje kupiga, kwa sababu kanuni inasema hapiki mtu asiyeshindana. Kwa hiyo hakuna anayekata rufaa ila akiwa na hakika kabisa.

Baba aliweka kidole kwenye moja ya zile saba. "Nakata rufaa," alisema.

Watu walisogea. Mimi nilisogea. Kati ya tundu na mstari kulikuwa na nafasi nyeupe, safi, upana wa punje ya mchele.

"Mwalimu," Mzee Sefania alisema, "tundu hili na mstari huu hawaamkiani hata shikamoo!"

"Leta msumari," Baba alisema.

Msumari ukaletwa. Wazee watatu wakainama kwa heshima zote za mahakama, ingawa mmoja wao alikuwa ameshaanza kucheka. Haikuchukua hata dakika. Rufaa imetupwa, wote watatu.

"Nimekubali hukumu," Baba alisema, akavaa koti lake. "Mwaka kesho makande ni kwangu."

"Na utakuja na bunduki gani?" Mzee Sefania akauliza.

"Unataka nije na manati?"

Tulirudi saa kumi jioni na pikapu ileile, sasa tupu. Safari hii Baba alikaa nyuma pamoja nami, sanduku katikati yetu. Nilimwomba msamaha kwa jambo la fomu. Alisema mwandiko wangu kwenye fomu ulikuwa mzuri, na kwamba nisirudie. Tulipoanza kuingia kwenye ukungu nikajipa moyo nikamuuliza kama kweli aliona lile tundu limegusa mstari.

"Miwani ilikuwa na vumbi," alisema.

Nilimwona akiifuta. Nilimwona akiiinua kwenye mwanga.

Huyu ni mtu aliyesahihisha michoro ya jometri maisha yake yote ya kazi, anayekosoa fremu za picha kanisani kwa macho tu.

Nilivaa sweta zangu, moja, halafu nyingine. Baadaye kidogo akaanza kuniuliza juu ya zile risasi za kichwa bapa, kama nilizijaribu pia kwenye upepo, na tukaongea hivyo mpaka nyumbani, juu ya upepo na pumzi.

Wakati wa chakula Baba alimuuliza Mama watu kumi na wawili wanakula mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani. Mama akasema, "Wanakuja lini?" Baba akasema, "Julai." Mama akatazama kalenda ukutani, akanitazama mimi, akaendelea kula. Chai Baba aliinywa kwa mikono miwili, kama kawaida.

Ninayojiwekea: wiki ijayo naazima tepu ya mita thelathini kwa fundi mwashi, napima upya kwenye tambarare ya uwanja wa shule kama watatukubalia, na nachomeka vigingi. Neno "hatua" nimelikata kwenye daftari zima. Na nikiona alama nyekundu ya kuuliza, nitauliza.

Ila lile la rufaa sitauliza tena. Nimepita sebuleni sasa hivi kuchukua maji. Leseni imetolewa kwenye bahasha na kulazwa mezani, picha mbili za pasipoti juu yake, na kalamu nyekundu imewekwa juu ili upepo usizipeperushe.

Nje ukungu umerudi, sioni hata mgomba wa kwanza. Nazima taa saa nne na robo.